Nywele na Meno

Pale dukani kwa dobi walimwita Mama Pasi, na jina lile lilikuwa limemkaa kuliko hata alilopewa na wazazi wake. Miaka ishirini na sita alisimama nyuma ya meza ileile iliyoungua pembeni, pasi ya mvuke mkono wa kulia, chupa ya maji mkono wa kushoto, na nusu ya mji ikampitia mikononi bila yeye kuiona sura. Aliwajua watu kwa nguo zao. Shati lenye mikunjo ya kochi lilimwambia kwamba mwenyewe amefukuzwa chumbani. Gauni lililoachiwa pindo mara mbili kwa mwaka lilimwambia kwamba binti wa watu anakua na mzazi hana jipya. Hakuwahi kukosea, au kama aliwahi, hakuna aliyemwambia.

"Wewe ungekuwa polisi, wezi wangehama mji," mwenzake wa kaunta alimtania.

"Wezi hawaleti nguo kwa dobi," alijibu bila kuinua uso. "Wanaoleta ni wale wenye heshima. Hao ndio wa kuchungwa."

Jicho la namna hiyo ukishalizoea, halizimiki saa za kazi zikiisha. Mama Pasi alimshuku muuza nyama kwa kuwa alitabasamu sana, na jirani wa kushoto kwa kuwa hakutabasamu kabisa. Lakini kuliko wote alimshuku mkwewe.

Mkwe huyo alikuwa fundi wa friji, kijana mrefu mwenye mabega ya kuinama, na kila mtu alimwita Fundi tu. Alikuwa amemwoa mtoto wa pekee wa Mama Pasi, mwalimu wa darasa la kwanza ambaye tangu utoto aliitwa Cheche, kwa sababu aliongea kabla hajatembea. Fundi hakunywa, hakufoka, hakuchelewa kurudi. Kosa lake lilikuwa moja. Alijifulia nguo zake mwenyewe, hata za kazini, na katika mwaka mmoja na nusu wa ndoa hakuwahi kumletea mama mkwe hata soksi.

"Mwanamume anayejifulia ana doa analolijua," Mama Pasi alimwambia mwenzake. "Tena mkimya. Simba mwenda pole ndiye mla nyama."

Jumanne moja saa nne asubuhi, saa ambayo mwalimu wa darasa la kwanza hana ruhusa ya kuwa mtaani, Cheche aliingia dukani kwa mlango wa nyuma. Mguu mmoja alivaa kiatu cheusi, mwingine ndara. Wiki iliyotangulia alikuwa amelalamika kichwa na vihoma vya hapa na pale, akameza vidonge vya maumivu, yakaisha, kwa hiyo mama yake alidhani amekuja kusema imerudi. Badala yake alimvuta katikati ya mashuka yaliyokuwa yametundikwa na kumnong'oneza.

"Mama, ananitilia kitu kwenye maji."

"Nani?"

"Unamjua. Nikilala ananisogelea kusikiliza kama bado napumua. Ndiyo maana silali. Leo hata redio imenitaja."

Maneno ya redio Mama Pasi aliyasikia, akayaacha yapite. Aliyoyashika ni yale ya maji. Baadaye, alipokuwa akisimulia, hakujificha: kitu cha kwanza alichokihisi pale kati ya mashuka hakikuwa hofu. Kilikuwa raha ndogo ya mtu aliyesema tangu mwanzo. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, akavua aproni na kumchukua mwanawe nyumbani kwake.

Alasiri Fundi alifika getini, jasho linamtiririka, mkoba wa vifaa begani.

"Shikamoo mama. Cheche yuko hapa?"

"Amelala."

"Kweli amelala?" Macho yake yalifunguka kwa matumaini. "Hajalala tangu Jumapili, mama. Nilitaka kumpeleka hospitali jana, akajifungia chooni."

"Kwangu analala vizuri," Mama Pasi alisema, ingawa nyuma yake, chumbani, Cheche alikuwa akizunguka kitanda na kuhesabu kwa sauti, moja mpaka kumi na tisa, kisha anaanza upya. "Nenda tu, baba. Tutakuita."

Fundi alimsikia mkewe akihesabu. Alisubiri mpaka hesabu ifike kumi na tisa, akaondoka.

Kesho yake mama huyo alichukua ufunguo kwenye mkoba wa bintiye na kwenda nyumbani kwa mkwewe wakati mwenyewe yuko kazini. Ilikuwa nyumba safi, na usafi wenyewe ulimtia wasiwasi. Mezani palikuwa na mota ya friji iliyofunguliwa, mabomba ya shaba yaliyokunjwa, na skrubu zilizopangwa ndani ya makopo ya jamu. Chini ya sinki alikuta chupa isiyo na lebo, ndani yake kitu kizito cha rangi ya asali. Kwenye mfuko wa koti lililoning'inia mlangoni alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wa penseli ulisomeka hivi: *Ijumaa, kichwa. Jumamosi, homa. Jumapili hakulala. Jumatatu amelala saa moja tu, ameniuliza mimi ni nani. Mkono wa kushoto unacheza.*

Mama Pasi aliikunja tena, akaitia kwenye pochi. Nani anaandika mambo ya mkewe siku kwa siku kama si mtu anayengoja kuona sumu inafanya kazi?

Aliibeba chupa mpaka duka la dawa. Mfamasia, mzee mwenye miwani puani, aliifungua, akanusa, akachovya kijiti.

"Mama, haya ni mafuta ya mota. Mtu akiyanywa atayatapika palepale."

"Una hakika?"

"Hata friji yangu ya chanjo ilitiwa haya juzi."

"Na nani?"

"Na fundi mmoja hivi, mrefu, mkimya."

Mama Pasi akachukua chupa yake. Kumbe wanajuana, aliwaza. Lao moja.

Kwa hiyo akangoja. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama ni maji ya mume ndiyo yanayomdhuru, siku tatu mbali naye zitamrudishia mtoto. Alimpikia mwenyewe na kumchotea maji mwenyewe. Alifunga mlango kwa komeo. Lakini Cheche hakurudi. Alhamisi alilia kutwa bila sababu na kucheka katikati ya kilio. Ijumaa mdomo wake ulianza kutafuna, na hakukuwa na kitu mdomoni.

Jumamosi asubuhi Mama Pasi alimletea chai. Cheche alikitazama kikombe, akamtazama aliyekishika, na uso wake ukawa wa mtu aliyefumania.

"Umetia nini humu?"

"Sukari, mwanangu. Kama kawaida."

"Wewe si mama yangu. Umevaa nguo zake tu. Mama yuko wapi? Mmemfanya nini, wewe na yule mwanamume?"

Mama Pasi alikaa kitini. Alijua alichokitia kwenye kikombe kile. Alijua kama anavyojua vidole vyake, na bado alikuwa ameketi pale anashtakiwa kwa sauti ileile, kwa macho yaleyale, kwa maneno karibu yaleyale aliyoletewa dukani kuhusu Fundi. Ikiwa shtaka hili ni uongo, lile je? Swali hilo lilimwingia kama maji ya baridi mgongoni. Hakupata nafasi ya kulijibu. Cheche alikakamaa palepale kitandani, kichwa kikarudi nyuma, povu likamtoka, mwili ukaanza kutupwa huku na huku.

Alimpigia simu mtu wa kwanza aliyemjia akilini, na mwenyewe alishangaa ni nani. Fundi alifika kabla hajakata vizuri. Siku zote nne alikuwa amechukua kazi za mtaa ule tu, asiwe mbali.

Hospitalini kila mtu alikuwa na shuku yake. Daktari wa mapokezi alishuku dawa za kulevya. "Mwanao anavuta kitu? Sema ukweli, mama, hatumwambii mtu." Muuguzi alishuku ndoa. "Mume anampiga?" Mama mzaa chema akawajibu wote wawili kwa ukali, hata pale ambapo wiki moja nyuma angelijibu la pili kwa shauku. Mwishowe wakamlaza wodi ya wagonjwa wa akili na kumpa dawa za kumtuliza. Alitulia kupita kiasi. Siku ya tano alikuwa amelala macho wazi, mkono umeinuliwa hewani kama wa mtoto anayeomba ruhusa darasani, na ukiushusha unarudi juu polepole. Kupumua kwake kulianza kusitasita.

Hapo ndipo alipoitwa daktari wa ubongo na mishipa ya fahamu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, aliyeuliza maswali mafupi na kungoja majibu marefu.

"Ilianza na nini? Si wazimu, kabla ya wazimu."

Mama Pasi alisita. Kisha akaingiza mkono kwenye pochi na kutoa ile karatasi, ambayo alikuwa ameihifadhi kwa ajili ya polisi. Fundi aliiona. Alijua mara moja ilikotoka.

Daktari aliisoma mara mbili. "Nani ameandika?"

"Mimi," Fundi alisema. "Friji ikisumbua mteja husema imeharibika tu. Huwa namuuliza ilianza lini, ikafuata nini. Nikaona nifanye hivyohivyo."

"Umetusaidia sana. Kichwa, homa, usingizi kukatika, kuchanganyikiwa, degedege, mdomo kutafuna, halafu kukakamaa. Huu si ugonjwa wa akili uliokuja peke yake. Nashuku ubongo wenyewe umevimba."

Neno lile, nashuku, lilimfanya Mama Pasi amtazame daktari vizuri kwa mara ya kwanza.

Walimhamishia chumba cha uangalizi, wakamwekea mashine ya kumsaidia kupumua, wakamchoma sindano mgongoni kutoa maji ya uti wa mgongo. Nusu ya maji yale yalipelekwa maabara ya mbali kwa kipimo ambacho pale hakikuwepo. Kisha, jambo lililomshangaza mama, wakampima tumbo kwa ile mashine ya picha ya wajawazito.

"Kuna uvimbe kwenye kifuko cha mayai cha kushoto," daktari aliwaambia wakiwa wamesimama ukutani, korido inapitisha vitanda. "Ukubwa wa ndimu. Nataka utolewe kesho."

"Mtoto anaumwa kichwa," Mama Pasi alisema taratibu, "na ninyi mnataka kumpasua tumbo."

"Najua linavyosikika."

"Linasikika kama watu wanaotaka kujifunzia. Hajazaa, daktari."

"Kifuko cha kulia ni kizima. Tutakiacha, na mfuko wa uzazi hatuugusi."

Fundi akauliza kalamu iko wapi, akatia saini. Hapo yaliyokuwa yamelala yakaamka. Mama Pasi alimvuta kando, karibu na dirisha.

"Haraka ya nini? Hata hukuuliza swali."

Fundi alimtazama. Alikuwa hajanyoa siku kumi na kola ya shati lake ilikuwa imekauka jasho.

"Niliuliza, mama. Niliuliza jana na juzi wanatafuta nini tumboni, ulipokwenda kuoga. Nimemuuliza mpaka amenikimbia." Alishusha sauti. "Najua uliingia kwangu. Mafuta ya mota niliyatafuta siku nzima. Ukitaka kunishuku, nishuku, sina la kufanya. Lakini yeye akifa kwa sababu tulikuwa tunachungana sisi wawili, mimi sitaweza kukaa na jambo hilo. Wewe utaweza?"

Mama Pasi alirudi kukaa benchini. Hakuzuia tena. Asubuhi kitanda kilipopita kwenda chumba cha upasuaji, alishika chuma cha upande mmoja na Fundi akashika cha upande mwingine, mpaka pale kwenye mlango wa vioo ambapo ndugu hawaruhusiwi.

Baada ya saa mbili mpasuaji alitoka, kofia bado kichwani. Yote yalikwenda vizuri, alisema. Uvimbe umetoka mzima. Ndani yake, kama walivyotarajia, kulikuwa na nywele na meno mawili.

Yeye alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mama Pasi alishika ukuta.

Nywele na meno, tumboni mwa mwanawe. Kila alichowahi kukisikia tangu utoto kuhusu watu wabaya na kazi zao kikamrudia kwa mkupuo. Hakumtazama Fundi safari hii. Aliwapitia akilini wote: jirani asiyetabasamu, mwalimu mwenzake Cheche aliyetaka darasa lake, shangazi wa upande wa mume aliyempa bintiye kanga siku ya harusi.

Daktari wa ubongo alimkuta bado ameshika ukuta.

"Hizo nywele ni za nani?" Mama Pasi alimuuliza.

"Ni zake mwenyewe."

"Alizila?"

"Hapana. Kifuko cha mayai kina chembe ambazo kazi yake ni kutengeneza mtu mzima, na mtu ana nywele, meno, ngozi, mafuta. Mara nyingine chembe moja inaanza kujenga bila kupangiwa, bila mpango wowote. Inajenga vipandevipande. Hata nyama ya ubongo inaweza kujenga kidogo. Wanawake wengi wanao uvimbe huu na hawajui."

"Na kichwa je?"

"Mwili una askari wake. Wakaona nyama ya ubongo mahali pasipo pake, wakaishuku, wakaanza kuipiga. Walipoijua sura yake, wakapanda mpaka kichwani na kuupiga ubongo wenyewe, maana sura ni ileile. Hawajui tofauti. Wanadhani wanamlinda."

Mama Pasi aliuachia ukuta.

"Nataka kukiona kitu hicho," alisema.

Walikataa, akaendelea kusimama, na mtu aliyesimama miaka ishirini na sita nyuma ya meza humshindi kwa kusimama. Mwishowe fundi wa maabara alimletea bakuli la chuma na kufunua kitambaa. Mama Pasi aliinama. Kulikuwa na kishungi cha nywele nyeusi kilichofungamana na utando mzito wa rangi ya maziwa mgando. Aliutazama ule utando, kisha bila kugusa akaunusa. Aliujua. Ni mafuta yaleyale yanayoganda ndani ya kola za watu, yale ambayo sabuni ya kawaida haiyaondoi na pasi ikiyapita huacha kivuli cha njano. Mkono wake ulikuwa umepambana nayo tangu ujana. Hayakuwa ya mchawi. Yalikuwa ya ngozi ya mtu.

"Basi," alisema. "Nimeona. Kifunike."

Lakini Cheche hakuamka siku ile, wala wiki ile. Walimpa dawa za kuwatuliza askari wa mwili, wakamsafisha damu kwa mashine mara tano, na bado alilala akitafuna hewa. Majibu ya maabara ya mbali yalipofika yalikuwa kama daktari alivyodhani, na hayakumwamsha mtu. Mama Pasi akaanza tena kuhesabu makosa ya kila muuguzi. Ila sasa alikuwa na wa kuhesabu naye. Fundi alikaa zamu ya mchana, yeye zamu ya jioni, na karatasi ya penseli ilikuwa imekuwa daftari, wanaandika wote wawili. *Jumatano, kidole gumba. Alhamisi amefumba macho nilipomwimbia. Ijumaa hakuna.*

Wiki ya nne Cheche alibana kidole cha mama yake. Wiki ya sita alisema neno, nalo lilikuwa tusi, kwa muuguzi aliyekuwa akimgeuza. Mama Pasi aliyekuwa akiwakanya watoto wa watu wasitukane alicheka mpaka akatoka nje kujifuta.

Kurudi kwake hakukuwa kama kuwasha taa. Alisahau kutembea kwenye ngazi. Alikasirika kwa kijiko, alicheka msibani kwa watu. Yule aliyefundisha watoto wa miaka sita kuhesabu alikwama kwenye kumi na moja kwa mwezi mzima, na mumewe alikuwa akimpangia skrubu mezani baada ya kazi, moja moja, bila haraka. Wiki zile za ugonjwa zilikuwa zimefutika kabisa. Alikumbuka kichwa kikimuuma, kisha alikumbuka dari ya hospitali.

Siku moja, akiwa amekaa kwenye stuli kule dukani akimtazama mama yake akinyoosha mikono ya shati, aliuliza, "Nilikuwa nasema nini, mama? Fundi haniambii."

Mama Pasi aliinua pasi, akaiegemeza.

"Ulisema anakutilia kitu kwenye maji."

"Fundi?" Cheche alikunja uso. "Na wewe ukasemaje?"

Mwenzake wa kaunta aliacha kuandika risiti. Mama Pasi angeweza kujibu kwa njia nyingi.

"Nilikuamini," alisema. "Nilikuamini haraka kuliko ilivyofaa, kwa kuwa nilitaka iwe hivyo. Nilimwomba radhi pale hospitali. Sikumwomba vizuri, nilimwambia tu alete mashati yake hapa. Lakini alielewa."

"Ameleta?"

"Mawili. Hayana kitu, nimeyatazama."

Mwaka ulipotimia, Cheche alirudi darasani kwa nusu siku. Daktari wa ubongo alisema ugonjwa ule una tabia ya kurudi kwa wachache, na kwamba kifuko kilichobaki kitazamwe kila miezi sita. Mara ya kwanza walikwenda wote watatu. Mpiga picha, kijana mwenye haraka, alipaka dawa ya baridi tumboni mwa Cheche, akazungusha kifaa chake na kusema hakuna kitu, wanaweza kuvaa waende.

"Tazama tena," Mama Pasi alisema.

"Mama, nimetazama."

"Umetazama upande mmoja wa hicho cha kulia. Nimekuona. Zungusha."

Kijana alimgeukia Fundi, kama anayeomba msaada wa mwanamume mwenzake.

"Zungusha tu, ndugu," Fundi alisema. "Nami niliona."

Kijana akavuta pumzi na kuzungusha. Wote wanne wakakitazama kile kioo cha kijivu, Cheche ameinua kichwa kutoka kwenye mto. Kilikuwa kifuko kidogo, cha mviringo, chenye vidoa vyeusi ambavyo kijana aliwaambia ni mayai tu ya kawaida. Mama Pasi alimwomba avihesabu. Cheche akavihesabu mwenyewe kwa sauti mpaka kumi na mbili, akavuka kumi na moja bila kusita, na mama yake akampa kanga ajifutie tumbo.